Bibi aliangalia unyayo kwanza: niliyosema siku ya sayansi Tukuyu

Mliokuwepo mliniomba niyaandike, basi nimeyaandika karibu kama nilivyosema, nimeongeza kidogo pale ambapo mvua ilipiga bati mpaka tukawa hatusikilizani.

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa shule, walimu, wazazi mliokuja na mvua yote hii, na nyie wadogo zangu mliobanana hapo mbele kwenye mabenchi, mugonile. Ndaga fijo kwa kunialika.

Nianze na swali. Nani hapa hajawahi kupata mtoki? Nyoosha mkono. Naona mikono mitatu tu, haya, wengine wote mnaujua vizuri, kile kivimbe cha kinena kinachokufanya utembee mguu upande na ukikohoa unasikia kinavuta. Mimi wa kwanza niliupata nikiwa darasa la tatu. Nilichomwa na mwiba shambani kwenye migomba, nikauchomoa nikaendelea kucheza, nikasahau kabisa, siku ya tatu naamka kinena kimevimba kama yai la kuku wa kienyeji na mguu hauendi. Mama akachemsha maji akitaka anikande palepale penye uvimbe, bibi akamwambia subiri kwanza mwanangu. Akanikalisha kwenye kigoda jikoni, akaushika mguu wangu akaugeuza, akasogeza koroboi karibu mpaka nikasikia joto kwenye kisigino, akawa anabonyeza unyayo polepole kwa kidole gumba, hapa, na hapa, na hapa, alipofika chini ya kidole cha pili nikaruka. Kulikuwa na kidoti cheusi, ncha ya mwiba imebaki ndani. Akasema, "Mtoki hauna kosa, kosa liko huku chini." Akaichoma sindano kwenye moto akautoa ule mwiba, ukatoka usaha kidogo, akaosha kwa maji ya chumvi, na zile siku zilizofuata uvimbe ukanywea wenyewe bila mtu kuugusa.

Mimi leo ni mtu wa maabara, kazi yangu ni damu na makohozi na hadubini kutwa nzima, na nawaambia ukweli kabisa kwamba lile swali la jikoni kwa bibi ndilo lililonileta kwenye hii kazi, maana nilikuwa najiuliza kinena kilijuaje? Mwiba uko unyayoni, uvimbe uko juu huku kwenye kinena, katikati kuna goti na paja zima ambalo haliumi. Nani aliyepeleka habari?

Aliyepeleka ni seli. Moja moja, kwa kutembea.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Kwenye ngozi yako, chini kidogo ya juu pale, kuna seli zimekaa zimetandaza mikono mirefu kama matawi ya mti, zimeshikana shikana na majirani zao, kazi yao ni kulinda tu. Kitaalamu ni seli za dendritiki, neno linatoka kwenye Kigiriki, maana yake mti, mimi nitaziita seli za matawi ili tuelewane. Mtu wa kwanza kuziona kwenye ngozi alikuwa mwanafunzi, nataka mlisikie hilo nyie wa kidato cha tatu, mwanafunzi wa udaktari pale Berlin aliyeitwa Paul Langerhans, mwaka 1868. Alizipaka rangi akaona zile mikono mikono akadhani ni mishipa ya fahamu. Hakuna aliyejua kazi yake zaidi ya miaka 100, mpaka 1973 pale New York, Ralph Steinman na mwalimu wake Zanvil Cohn walipokuta seli za namna hiyo kwenye bandama la panya wakaanza kuuliza hizi zinafanya nini, na hata hapo wenzao wengi hawakuamini kama ni kitu cha maana.

Kazi yake ndio hii. Mwiba ukiingia na uchafu wake, seli ya matawi inameza bakteria, inamkatakata vipande vidogo vidogo, halafu inavitundika vile vipande juu ya ngozi yake yenyewe kama mtu anayebeba sampuli mkononi, kwamba jamani nimekutana na huyu, anaonekana hivi. Lakini kuonyesha peke yake pale unyayoni hakusaidii, maana wanaotakiwa kuonyeshwa hawako pale. Wanaotakiwa ni seli T, hizi ndizo zenye uwezo wa kumtambua adui mmoja kwa sura yake, na zinakusanyika kwenye tezi za limfu, za kinenani, za kwapani, za shingoni. Kwa hiyo seli ya matawi lazima ihame, na haina macho, haina ramani, na imezungukwa na giza la nyama pande zote.

Wangapi mmepita karibu na kiwanda cha chai wakati majani yanakaushwa? Ukiwa mbali unasikia harufu kwa mbaali, ukisogea inazidi, ukikosea njia inapungua, hata wakikufunga kitambaa machoni utafika getini kwa pua tu. Mwili nao unafanya hivyo hivyo. Kuna protini ndogo sana zinazomwagwa na seli za sehemu fulani zinaitwa kemokaini, kwa binadamu zipo kama 50 hivi, kila moja ni kama harufu yake. Na kila seli inayotembea ina pua za kunusia hizo harufu, ndio tunaita vipokezi vya kemokaini, vipo kama 20. Kipokezi chenyewe ni protini ndefu iliyoshonwa kwenye utando wa seli, inapita ndani na nje mara 7 kama uzi kwenye kitambaa, kemokaini ikigusa kwa nje umbo linabadilika, ndani ishara inawaka, na seli inajisukuma mbele upande ule ule ambako harufu ni kali zaidi.

Na hapa ndipo mimi huwa nasimama nashangaa kila nikiwaza. Seli ya matawi ikiwa bado inalinda ngozi, pua zake ni za kunusa huko huko, kwa mfano CCR6 inayofuata harufu inayotoka kwenye ngozi na kuta za ndani za mwili, na CCR1 na CCR5 zinazoipeleka penye uvimbe na vurugu. Ikishammeza bakteria na kutambua kwamba hii ni hatari, inabadilika ndani ya masaa, zile pua za zamani inazipunguza halafu inatoa mpya kwa wingi, inaitwa CCR7. Ghafla harufu ya nyumbani haisikii tena na inaanza kusikia harufu nyingine ambayo muda wote ilikuwepo pale pale ila ilikuwa haina pua ya kuisikia! Harufu hiyo ni kemokaini mbili, CCL19 na CCL21, zinatoka kwenye mishipa ya limfu, ile mifereji inayorudisha maji ya mwilini kupitia tezi, na kwenye tezi zenyewe. Barabara haikujengwa upya, msafiri ndiye aliyebadilika.

CCL21 ina mkia unaonata, inang'ang'ania kwenye nyuzi za nyama kuzunguka mshipa wa limfu, kwa hiyo inakuwa kama alama zilizopakwa njiani, karibu na mshipa ni nyingi ukienda mbali zinapungua, na watu wamepima wakakuta huo mteremko wa harufu unafika kama sehemu ya kumi ya milimita hivi kutoka kwenye mshipa. Ni kadogo kweli, lakini kwa seli ni safari. Na kuna kitu kingine kizuri sana, zipo seli ambazo kazi yake ni kufagia kemokaini iliyozidi, zina kipokezi kinaitwa ACKR4 ambacho kinashika na kumeza bila kutoa ishara yoyote, maana harufu ikijaa kila mahali kwa ukali ule ule hakuna atakayejua mbele ni wapi, si ndio? Ukipuliza manukato chumba kizima huwezi kujua chupa iko wapi.

Basi inatambaa. Mikromita chache tu kwa dakika, na mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita, milimita moja ni masaa mawili matatu mpaka manne, inajikunyata na kujipenyeza kwenye nafasi finyu, inasukuma mbele inavuta nyuma, mpaka inafika kwenye mshipa mdogo wa limfu ambao ukuta wake umeachia mianya kama mapazia yaliyobanwa kwa vifungo hapa na pale, inajisukuma katikati ya vifungo inazama ndani. Kuanzia hapo maji ya limfu yanaibeba, na ukitembea misuli inayasukuma yale maji juu. Baada ya siku moja mpaka tatu imefika kwenye tezi. Mimi mtoki wangu ulivimba siku ya tatu, mnaona?

Kwenye tezi sasa ni kama siku ya gulio. Seli T inayomjua bakteria wako unaweza kuikuta moja kati ya 100,000, pengine moja kati ya milioni, ungeitafuta mwili mzima usingeipata. Lakini seli T nazo zina CCR7, zinafuata harufu ile ile zikitokea kwenye damu, kwa hiyo anayebeba habari na anayetafutwa wanaelekezwa kwenye eneo moja, na pale seli moja ya matawi inagusana na mamia ya seli T kwa saa, huyu siye, huyu siye, huyu siye, mpaka ampate ndiye. Akipatikana anaanza kugawanyika, mmoja wawili, wawili wanne, tezi inazuia wengine wasitoke kwanza, maji yanajaa, na wakati mwingine bakteria wenyewe nao wanafika huko kwa limfu, tezi inapanuka inauma. Huo ndio mtoki wako.

Sasa mtu anaweza kuuliza, hii CCR7 ni muhimu kiasi hicho kweli? Mwaka 1999 Reinhold Förster na wenzake huko Ujerumani walitengeneza panya wasio nayo. Seli za matawi zao zilikuwepo, zinameza kama kawaida, lakini kwenye tezi hazifiki, seli T nazo hazikai mahali pake, na kinga yao ilichelewa sana kuamka. Mimi hilo linaniuma hata kulisema, kwamba mwili umeshamwona adui, umeshamkamata mpaka sampuli iko mkononi, lakini habari haifiki.

Kuna binti wa kidato cha kwanza kaniandikia swali kwenye karatasi kabla sijapanda hapa, nalisoma kama lilivyo: "Mbona chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi tunachomwa begani wakati ugonjwa hauko begani?" Mdogo wangu, hilo ni swali la mtu mzima. Hii chanjo mabinti wa Tanzania mnaipata tangu 2018, na ikiingia kwenye msuli wa bega seli za matawi zinaichukua, zinavaa CCR7, zinatembea mpaka tezi za kwapa, huko ndiko darasa linafanyika, halafu waliofundishwa na kingamwili zilizotengenezwa zinasambaa kwa damu mwili mzima mpaka huko kunakohitajika. Ndio maana wengine mkichomwa kwapa linauma siku mbili tatu. Na kile kikovu cha BCG, chanjo ya TB, mlicho nacho bega la kulia, kishikeni, eeh hapo hapo, siku mlipozaliwa safari kama hiyo ilianzia hapo ikaishia kwapani.

Tena waliohitimu kule kwenye tezi nao wanapewa anwani mpya. Wa kwenda kwenye utumbo wanapewa pua inaitwa CCR9, na seli za matawi za utumbo haziwezi kuwapa hiyo pua bila vitamini A. Kwa hiyo wazazi, yale matone ya vitamini A kliniki kila miezi 6, na mchicha, na viazi vya njano, na mawese ya hapo Kyela, yanahusika moja kwa moja na askari wa tumbo la mtoto kujua njia ya kwenda kazini.

Niseme kuhusu TB, maana ndio naiona kila siku kwenye slaidi. Bakteria wa TB ni mjanja wa kuchelewesha safari. Kwa panya imeonekana inapita zaidi ya wiki nzima kabla habari haijafika kwenye tezi za kifua ili seli T zianze kufundishwa, na kwa binadamu kipimo cha ngozi huchukua wiki 2 mpaka 8 tangu maambukizi ndio kinaonyesha kwamba mwili umejua. Muda wote huo yeye anazaana mapafuni kwa utulivu. Ndugu zetu wanaochimba dhahabu kule Chunya wanavuta vumbi la mawe linaloharibu mapafu juu ya hilo, jamani wakikohoa wiki mbili msiwaache, vipimo na dawa za TB ni bure. Na tezi za shingo zikivimba zikakaa wiki kadhaa haziondoki, mtu anapungua, anatoka jasho usiku mpaka shuka linaloa, huo si mtoki wa mwiba, apelekwe hospitali akapimwe TB na VVU na mengine.

VVU. Mikoa yetu hii tunajijua, utafiti wa kitaifa wa 2016-17 ulikuta Njombe na Iringa ni zaidi ya watu wazima 11 kati ya 100. Mwaka 1996 iligundulika kwamba kirusi, pamoja na mlango wake mkuu kwenye seli, kinahitaji kipokezi cha pili ili kiingie, na mara nyingi kinatumia CCR5, ile ile pua ya kunusia vurugu niliyowatajia. Kinaishika kama mtu anayeingia kwako kwa kupitia dirisha la jiko. Na kibaya zaidi kinaweza kunaswa na seli ya matawi kikabebwa nayo mpaka pale gulioni penye seli T zote, ambazo ndizo kinazitaka. Nikisoma habari hiyo mara ya kwanza nilifunga kitabu nikakaa kimya. Lakini kujua huko ndiko kulikoleta dawa inayoziba CCR5, na kulikuwa na Mmarekani, Timothy Ray Brown, aliyepandikizwa uboho huko Berlin mwaka 2007 kutoka kwa mtu aliyezaliwa bila CCR5 inayofanya kazi, VVU wakaondoka mwilini mwake. Matibabu hayo ni mazito na ya hatari, alikuwa na saratani ya damu ndio maana alifanyiwa, kwa hiyo mtu asiache ARV zake kwa sababu ya kusikia hadithi hii. Na hapa kwetu, Mbeya na Dar es Salaam, wapo Watanzania waliojitolea mikono yao kwenye majaribio ya chanjo ya VVU ya TaMoVac, mimi nawaheshimu sana watu wale.

Saratani nayo imeiba anwani. Mwaka 2001 watafiti walionyesha seli za saratani ya matiti zinavaa CCR7 na nyingine inaitwa CXCR4, ndio maana inapoanza kusambaa daktari anapapasa kwapa kwanza. Upande wa pili, watu wanajaribu kuzitumia seli za matawi kutibu saratani, wanazitoa kwa mgonjwa, wanazifundisha nje, wanazirudisha kwa sindano, na tatizo kubwa ni lile lile la bibi na unyayo, kufika. Mara nyingi hazifiki hata 5 kati ya 100 kwenye tezi. Mwaka 2015 ilichapishwa kazi ya wagonjwa wa uvimbe mbaya wa ubongo, wachache tu, 12, baadhi yao walichomwa kwanza chanjo ya kawaida ya pepopunda mahali ambapo seli zingewekwa, ile chanjo ikaamsha kemokaini inaitwa CCL3, na seli nyingi zaidi zikafika. Pepopunda! Chanjo iliyoko kwenye friji la zahanati.

Steinman mwenyewe alipata saratani ya kongosho, 2007, akawa anatibiwa pia kwa seli hizi hizi alizozitafutia jina. Alifariki tarehe 30 Septemba 2011, siku 3 kabla hawajatangaza kwamba amepata Nobel, na waliomchagua walikuwa hawajui kama amekwishaondoka. Tuzo wakamwachia.

Nimalizie na kijana mmoja nisiyemtaja. Mchuma chai, alikuja mahali ninapofanya kazi akiwa na homa, kinena kimechanwa wembe na mtu aliyemwambia anatoa damu chafu, kidonda kimeoza. Nikamwomba avue buti. Hakutaka, aliona aibu, soksi ilikuwa imegandia. Tukailowanisha kwa maji ya uvuguvugu karibu robo saa ikaachia, na katikati ya vidole viwili kulikuwa na mpasuko wenye usaha ambao hakuna mtu aliyeuangalia wiki nzima. Tezi yake ilikuwa inafanya kazi, seli zimetembea mguu mzima kuleta habari, halafu mtu akaja na wembe akapachana pale pale zilipofikia. Alitibiwa akapona, lakini alikaa wodini siku nyingi.

Basi. Pale mezani karibu na dirisha nimeweka hadubini na slaidi ya damu yangu mwenyewe, nimeipaka rangi asubuhi. Seli ya matawi hamtaiona, kwenye damu ni chache sana, lakini limfosaiti, ukoo wa zile seli T, mtaziona, zile za duara zenye kiini kikubwa cha zambarau kilichojaa karibu seli nzima, hizo ndizo zinazosubiri kuonyeshwa. Njooni kwa zamu, tuanze na benchi la nyuma, na wewe binti wa swali la bega njoo wa kwanza. Usiguse lenzi kwa kidole, zungusha hii skrubu ndogo hapa pembeni, polepole.